Dhahabu Katika Tenga la Ndakala

Tenga lile lilinuka ndakala, dagaa wa ziwa letu. Yaya Feza alikuwa amelisugua kwa mchanga na majivu, akalianika juani siku tatu, lakini samaki akishaingia kwenye matete hatoki. Juu ya harufu hiyo ilikuja nyingine, ya majani mabichi yaliyotafunwa, yale yenye utomvu mweupe kama maziwa, na ya vinyesi vya viwavi vilivyotapakaa chini kama punje za pilipili manga. Asubuhi, kabla ya kupewa chai, sisi watoto sita wa uani tulipiga magoti kulizunguka, Yaya akainua kipande cha chandarua kilichokuwa kifuniko, na harufu zote mbili zikatupanda puani kwa pamoja. Watu wazima waliokuwa wakipita walikunja uso. Mimi niliipenda harufu ile, na nimekuwa nikiikimbia tangu wakati huo.

Mji wetu ulikuwa ungali ukiitwa Albertville. Tulikaa mtaa wa Kataki, na Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi katika bohari ya reli, ingawa mwaka huo hapakuwa na kazi ya kufanya. Vita vilikuwa vimefika. Treni zilisimama, shule zikafungwa, na wapiganaji wenye bunduki na matawi ya majani vichwani walikaa kwenye njia kuu zote. Yaya Feza, binti wa baba yangu mkubwa, alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa akisoma kwa masista hapa mjini, akilala hukohuko shuleni. Masista walipoondoka, barabara ya kwenda kwao Manono ilikuwa imekatika, kwa hiyo alikuja kwetu na sanduku la bati, nguo mbili na madaftari matatu. Yaya, kwetu, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu nilimpenda kuliko wengine, labda kwa sababu hakunituma maji.

Mama ndiye aliyemwomba atushike. "Feza, mwanangu, hawa watoto barabara itaniulia," alimwambia. "Uwafundishe chochote. Hata kuhesabu mawe." Yaya hakutuhesabisha mawe. Sista mmoja alikuwa amemfundisha kufuga viwavi na kuandika kila siku wanavyobadilika, naye akaona hiyo ndiyo shule inayowezekana pasipo chaki wala dawati. Nyuma ya ua wa choo kulikuwa na mmea unaotambaa, wenye utomvu mweupe, ambao mbuzi hawakuugusa. Kwenye majani yake ndipo tulipookota viwavi weusi wenye madoa ya njano na pembe laini mgongoni. Waliosalia walikuwa wa Yaya, na kila mtoto alipewa wake, ajue anakula nini na amelala wapi. Asubuhi ulisimama mbele ya wenzako ukaeleza kiwavi wako amefanya nini tangu jana. Ukiongeza chumvi, Yaya alikukata palepale kwa swali moja: "Umeona, ao umewaza?"

Mulongo, mtoto wa jirani, ndiye aliyeulizwa sana. "Yangu imekula kuliko Papa," alisema siku moja, "na baadaye imeomba maji." Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni. Yaya naye alicheka, kisha akauliza swali lake, na Mulongo akajikuna kichwa. "Ya kula nimeona, Yaya. Ya maji nimewaza." Akapata nusu ya alama, iliyochorwa kwa kijiti mchangani.

Halafu viwavi waliacha kula. Walipanda juu ya tenga, kwenye vijiti tulivyowawekea, wakajining'iniza kwa mkia, na siku ya pili ngozi ikawadondoka. Kilichobaki tulikisogelea sote mpaka vichwa vikagongana. Vilikuwa vifuko vidogo, virefu kama kifundo kimoja cha kidole changu, na viling'aa dhahabu. Siyo rangi ya njano. Dhahabu kabisa, kama pete ya ndoa ya mke wa bosi wa reli, kiasi kwamba ukisogeza uso uliuona uso wako umo ndani, mdogo na umepinda. Vilikuwa kumi na kimoja. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akainama, akasema, "Feza, tukiuzisha hii, utaninunulia cherehani." Yaya akatikisa kichwa. "Hapana zahabu, Mama. Iko nguo yake tu. Musiguse." Cha kwanza kilipopasuka, alitoka kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, akakausha mabawa, akaenda zake juu ya paa. Ganda alilotuachia lilikuwa kama ngozi ya kitunguu, halina rangi yoyote. Nalitaja ganda hilo makusudi. Nililiona kwa macho yangu, nililishika, na nilijua haikuwa dhahabu. Siwezi kusema nilikuwa mtoto asiyejua.

Karibu na njia ya reli kulikuwa na bariyeri, gogo lililowekwa juu ya mapipa mawili, na hapo alikaa mpiganaji mmoja kijana jina lake Kalenga. Alikuwa na filimbi ya chuma shingoni. Nilikatazwa kufika huko, nikafika. Nilitaka kuipuliza ile filimbi, mara moja tu.

"We wa Kataki," aliniambia, "kwenu muko na nini? Munakulaka ndakala, munalala."

"Kwetu iko zahabu."

Wenzake walicheka. "Zahabu ya wapi? Ya ndoto?"

"Ya kweli. Inaning'inia."

Walizidi kucheka, na kicheko kile kilinichoma. Kesho yake, Yaya akiwa kisimani, nilikata vijiti vitatu vyenye vifuko na kumpelekea Kalenga nikiwa nimevifunika kwa viganja. Alikishika kimoja juani, akakigeuza, na uso wake wote ukabadilika. Hakucheka tena. Alivitia katika kisanduku cha kiberiti kama mtu anayelaza mtoto, akavua filimbi, akanivalisha. "Nani iko nayo?" aliuliza. "Yaya yangu," nikasema, na nikakimbia nyumbani nimeficha filimbi ndani ya shati, nina furaha kama mfalme. Yaya alipohesabu vifuko jioni alikuta pengo, akadhani ni panya.

Siku ya tano walikuja watatu. Nilimwona Kalenga akiingia uani, nikajibanza nyuma ya kuni. Alifungua kile kisanduku cha kiberiti mbele ya Mama, na ndani mlikuwa na vitu vitatu vya kahawia, vimesinyaa kama kinyesi cha mjusi. "Zahabu imeenda wapi?" alifoka. "Tumeletewa zahabu kutoka nyumba hii. Muchawi yenu ameigeuza! Iko wapi?" Mama alikuwa na mwiko mkononi na alisimama mlangoni, na Yaya alikuwa ndani nyuma yake. Mama alijibu kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwetu sisi. "Baba, hapa hakuna muchawi. Iko wadudu tu, ya kuchezea watoto." Walilipindua tenga. Vifuko vilivyobaki vilidondoka, wakavikanyaga, vikatoa maji ya kijani. Kalenga alichuchumaa akayapekua yale maji kwa kidole akitafuta dhahabu, na alipokosa alisimama akiwa na hasira ya mtu aliyeaibika mbele ya wenzake. "Kesho tunakuja kumutwaa," alisema. "Ataturudishia."

Papa alirudi alasiri hiyo. Alitupanga sote sita ukutani, akauliza nani aliyewaonyesha watu wa bariyeri vile vitu. Filimbi ilikuwa kifuani pangu, baridi. Niliona mkanda wake mkononi, na nikasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Yaya mwenyewe. Akienda maji, aliwaonyesha."

Papa alimgeukia. Sijawahi kumsikia akiwa mkali kiasi kile kwa mtoto wa kaka yake. "Tulikupokea, Feza, na wewe unatuletea bunduki mlangoni kwa kujionyesha!" Yaya alisema, "Baba mudogo, si mimi." Kisha akatutazama mmojammoja, akaishia kwangu. Hakukasirika. Aliniuliza kama alivyoniuliza kila asubuhi: "Umeona, ao umewaza?"

"Nimeona," nikasema.

Kulipopambazuka, jirani yetu Papa Ramazani, ambaye ukoo wake umefanya biashara ziwani tangu enzi za mababu, alimpakia Yaya kwenye mashua yake pamoja na madebe ya mawese, wakaelekea Kigoma. Hakuruhusiwa kuchukua madaftari, maana siku zile karatasi zilizoandikwa Kifaransa ziliweza kumtia mtu matatani njiani. Mama aliyachoma chini ya sufuria ya maharagwe. Nilikaa pale nikayaona yakiungua, michoro ya viwavi ikijikunja. Kalenga alirudi mchana, hakumkuta, akaondoka na baiskeli ya Papa. Baada ya majuma machache vita vilihamia kwingine na shule zikafunguliwa. Mimi nilirudi darasani.

Hesabu ya makosa yangu ni rahisi. Mimi nilimaliza sekondari, nikapata kazi ya biro, ya ofisini, bandarini, nikastaafu na heshima zangu. Yeye aliyetufundisha aliishia darasa lile alilokuwamo siku masista walipoondoka. Kigoma aliuza dagaa, akaolewa na fundi seremala, akalea watoto saba. Tulikutana kwenye harusi na misiba, naye kila mara aliniletea kanga kwa ajili ya mke wangu na kuniita mdogo wangu. Kila mara nilikuwa na sababu ya kunyamaza: watu ni wengi, meli inaondoka, Mama ni mgonjwa. Papa alikufa akiamini Feza alijionyesha. Mama pia. Hayo hayawezi kurekebishwa na mtu yeyote.

Huenda ningekufa nimenyamaza, kama si mjukuu wangu Riziki. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Lubuye, na darasa lake limejaa watoto waliokimbia vita vipya vya ndani ya mkoa, wengine wamefika bila daftari wala viatu. Alitakiwa kufundisha mabadiliko ya wadudu, na kitabu kilikuwa kimoja, tena kimechanika. Basi alinunua mega za intaneti, akapakua picha na video kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akawaonyesha watoto watanowatano. Nilikuwa nimekwenda kumpelekea chakula. Video ilionyesha kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa, na msichana mmoja aliyetoka upande wa Ankoro akasema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, huyu hapana wa kwetu. Wa kwetu wako wapi?"

Riziki aliisimamisha video. Mimi nilikuwa na jibu, nikashangaa kusikia mdomo wangu ukisema, "Wako nyuma ya choo." Watoto waliangua kicheko. Tulikwenda kutazama, na kweli, mmea ule unaotambaa ulikuwapo, na viwavi weusi wenye madoa ya njano walikuwa wakila kana kwamba hakuna kilichotokea duniani tangu miaka yangu kumi. Riziki aliwapiga picha. Kuna ukurasa kwenye mtandao ambako watu wa nchi zote huweka picha za wadudu, na wajuzi huwajibu. Aliweka yetu asubuhi. Kabla jua halijazama, mtu wa Zambia ambaye hatutamjua kamwe alikuwa ametupatia jina la kisayansi la kiwavi yule na kutueleza kwamba utomvu ule humfanya ndege amteme. Watoto walilikariri lile jina refu njia nzima ya kwenda nyumbani, wakilipigia makofi.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi. Riziki alinionyesha namna ya kutafuta, na kwa kuwa Kifaransa ninakijua, kazi yangu ikawa kusoma kurasa usiku mtandao unaposhika na kuzieleza kwa Kiswahili chepesi darasani. Vifuko vilipotokea, vinang'aa vilevile, msichana wa Ankoro aliuliza dhahabu ile inatoka wapi. Nilitafuta. Nikasoma kwamba hakuna madini ndani yake hata chembe. Ngozi ya kifuko ina tabaka nyingi nyembamba sana zenye unyevu kati yake, na mwanga ukigonga humo ndipo tunaona dhahabu. Kifuko kikifa kikakauka, unyevu unaondoka, na dhahabu inaondoka nao.

Niliisoma sentensi ile mara nyingi. Siku zote nilikuwa nimejificha nyuma ya kitu fulani nisichokielewa: kwamba labda kulikuwa na uchawi kidogo, au Kalenga alivibadilisha, au ilikuwa bahati mbaya tu. Sasa nilielezwa na simu. Vilikufa kwa sababu nilivikata. Vilibadilika rangi kwa sababu vilikufa. Mlolongo wote ulianzia mkononi mwangu, na hapakubaki pa kujificha.

Watoto walikuwa wameanza kuniuliza nilijifunza kwa nani. Sikuweza kuwatajia jina la Yaya na kuendelea kumdanganya. Niliandika kwenye karatasi, nikachana, nikaandika tena, mwishowe nikaketi nje ya nyumba mchana na kumrekodia sauti. Nilimwambia yote: filimbi, vijiti vitatu, ukuta, neno nililosema. Alama kwenye simu zikaonyesha kwamba amesikiliza. Kisha siku nne zikapita.

Jibu lake lilikuwa na sauti ya mwanamke mzee niliyoisikia mara nyingi, lakini bila kicheko chake. "Mdogo wangu, nimekusikia. Nimesikiliza mara mbili. Mimi siku zote nilijua ni Mulongo, kwa mdomo wake ule, na wewe nilidhani unamficha. Mulongo alipokufa nililetewa habari, nikasema sina nauli. Nauli nilikuwa nayo. Unaona ulichofanya? Sitakwambia yameisha, maana hayajaisha. Nenda kwa mke wa Mulongo, kwa miguu yako, siyo kwa simu. Halafu uwaambie hao watoto, mbele yao. Ukishamaliza, unipigie, niwasikie."

Nilikwenda na sukari na sabuni, kama mtu anavyokwenda kwenye msiba, kwa sababu nilikuwa nikienda msibani nimechelewa. Mjane wa Mulongo alinisikiliza huku akichambua mchele. Aliposema ilikuwa sentensi moja. "Alijiulizaka sana alimukosea Feza nini." Kisha akaniletea kiti, maana mpaka hapo nilikuwa nimesimama.

Darasani, nikiwaeleza yote, niliona haya kuliko nilivyoona haya mbele ya Papa. Watoto wa vita wanajua maana ya mtu kusema neno moja barabarani na nyumba ikavunjika. Hawakucheka. Kijana mmoja wa nyuma aliuliza tu, "Babu, filimbi ulipuliza?" Nikamjibu kwamba hapana, niliogopa isikike, nikaitupa ziwani. Akasema, "Basi ilikuwa kazi bure," na wenzake wakaitikia kwa kuguna.

Nikifikiria, wakati wetu mtu mmoja tu katika mtaa mzima alijua kile kifuko ni nini, na alipoondoka ujuzi wote uliondoka naye kwenye mashua. Leo mtoto asiye na viatu anauliza asubuhi na kujibiwa jioni na mtu wa nchi nyingine. Bunduki bado ziko barabarani, hilo halijabadilika kama nilivyotumaini. Mtandao unakatika, umeme unakatika, mega zinakwisha video ikiwa nusu. Hata hivyo Kalenga wa leo akija na kiberiti chake, darasa zima litamweleza kwa nini dhahabu imeisha, na huenda akasikiliza.

Simu tuliiegemeza kwenye boksi la chaki, Riziki akaongeza sauti. Yaya aliwasalimia kwa Kiswahili cha Kigoma kilichochanganyika na chetu, akawauliza viwavi wanakula nini. Walimjibu wote kwa wakati mmoja. Kisha msichana wa Ankoro akasogea karibu na kioo.

"Bibi, wewe uliachia darasa gani?"

"La pili, sekondari."

"Na mengine, nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwanangu."

Msichana alitutazama mimi na Riziki, kisha akairudia simu. "Basi kaa hapo hapo. Tutakuwa tunakutumia."

Na wanamtumia. Kila Ijumaa Riziki anapiga picha kazi za wiki, siyo za wadudu tu, hata hesabu na jiografia, nami nazipandisha kilimani kwenye mtandao mzuri. Yaya anazisoma kwa miwani ya mjukuu wake, na Jumatatu anarudisha majibu na masahihisho. Juma lililopita nami nilijipa moyo nikamtumia maelezo yangu ya kiwavi, ukurasa mzima, wa Kiswahili safi, na mchoro. Alijibu kwa maneno matatu: "Miguu haitoshi. Rudia." Leo asubuhi nimekwenda nyuma ya choo na miwani yangu, nikahesabu.